Pointi za Mkwe

Baba yangu, mzee Zebedayo, alipopata kiharusi mwezi wa nne, ukoo mzima ulifika kijijini kwetu Ngonga kumwona, ukala wali wa shamba lake, ukaondoka. Nikabaki mimi, Lusungu, binti yake wa kwanza, mwalimu wa hesabu huko Chunya. Ndugu zangu walisema nibaki mimi kwa sababu nina subira. Hawajawahi kuniona darasani.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelegea na mguu unaburuzika. Hospitali walimpa mpira mdogo wa kuminya, mara mia asubuhi na mara mia jioni. Aliuminya siku mbili, siku ya tatu akawatupia kuku. Wasichana wa kazi walikuja wawili. Wa kwanza alidumu siku nne, wa pili alidumu mpaka chai.

Pale nyumbani alikuwapo mtu mmoja tu ambaye angeweza kumhudumia bila kununa, naye ni Kisa, mke wa mdogo wangu Gwamaka. Gwamaka anaendesha malori ya Lubumbashi na nyumbani huonekana kwa nadra. Kisa ndiye aliyelima, aliyepika, aliyechota maji. Lakini Kisa ni mkwe, na kwetu sisi mkwe wa kike hamtazami baba mkwe. Haingii chumba alichomo, hasemi naye, halitaji jina lake. Wakikaribia kukutana njiani, mkwe anaingia migombani mpaka mzee apite. Wazee wanaita kutila, yaani kuogopa, ingawa ndani yake heshima ni nyingi kuliko woga. Familia nyingi zimeshaacha, na kanisani wanasema ni mambo ya kale. Baba hakuacha. Kwa miaka sita Kisa alimpikia mtu ambaye alimjua kwa kikohozi na mlio wa fimbo.

Nilimwomba baba amfungulie, yaani amwondolee mwiko huo, kwa kuwa mwenye kufungua ni yeye.

"Mama yenu alimkwepa baba yangu miaka ishirini na sita," alinijibu. "Alikuwa anashuka kwenye matope ya mpunga na wewe mgongoni, ili tu asikutane naye kwenye tuta. Leo mimi nimfungulie mtu kwa sababu mguu unaniuma?"

"Hauumi, tata. Umekufa ganzi."

"Basi sababu yenyewe ni ndogo zaidi."

Nikampigia Gwamaka. Alikuwa kwenye foleni ya malori Tunduma, akasema mambo hayo yamepitwa na wakati, nimwambie baba hivyo. Ni rahisi kuwa mtu wa kisasa ukiwa kwenye foleni ya Tunduma. Cha maana alichofanya ni kimoja. Alimpigia Shabani, fundi wa runinga mwenye duka pale Bondeni mjini Kyela, amletee baba kitu cha kumpotezea muda.

Shabani alikuja mwenyewe na pikipiki. Ni mtu wa adabu, ukoo wao una asili ya pwani, na baba humpenda kwa sababu hutoa shikamoo taratibu kama mtu asiye na haraka ya kuondoka. Alileta kisanduku kidogo kama Biblia ya mfukoni, kinachochomekwa kwenye runinga, pamoja na ubao mzito wenye kijiti cha kushika kwa mkono wa kushoto na vitufe sita vya mkono wa kulia. Boksi lilisema ndani mna mkusanyiko wa gemu elfu tatu za zamani. Nikaanza kuzihesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nilipoikuta gemu moja kwa mara ya kumi na moja, kila mara ikiwa na jina jingine, niliacha.

Baba alikuwa amegeuzia uso ukutani. Shabani akawa ananionyesha mimi, moja baada ya nyingine, magari, ngumi, vyura wanaovuka barabara, mpaka ikafika moja ya wadudu wa angani wanaoshuka kwa mistari na wewe uko chini na kichombo chako unawapiga. Haikuwa na uzuri wowote. Lakini iliposikika, baba aligeuza shingo.

"Hiyo," akasema. "Hiyo ilikuwa Kitwe."

Miaka ya themanini baba alichimba shaba Kitwe. Nilikuwa najua kuhusu vumbi, kuhusu kepteni wa zamu aliyeitwa kwa jina la mbwa, kuhusu blanketi alilomletea mama. Sikujua kwamba kwenye klabu ya wachimbaji kulikuwa na mashine kubwa kama kabati la nguo, unaitumbukizia sarafu, na kwamba kwa miezi mitano jina la juu kwenye mashine hiyo lilikuwa la mtu wa Ngonga. Miaka arobaini na moja ni binti yake na hilo nilikuwa silijui.

Tukamweka mkono wa kushoto kwenye kijiti, tukamfunga kwa kitambaa ili usidondoke. Akacheza dakika mbili, akaacha.

"Siyo hii. Hii wameipunja. Kitwe mistari ilikuwa minane. Hapa mitano."

Mimi nilifikiri ni kiharusi kinaongea. Shabani hakubisha. Alisema mzee ana haki. Gemu hizi zilipotolewa kwenye yale makabati na kupelekwa kwenye kompyuta za majumbani, kompyuta zilikuwa dhaifu, ikabidi wazipunguze, huku mistari, kule rangi, kwingine sauti. Na wanaokusanya gemu kwenye visanduku hivi hawachagui, wanachota tu, nzima na zilizopunguzwa, zote jina moja.

"Ipo yenyewe, mzee wangu," alisema. "Nipe siku tatu."

Akachomoa kadi ya kumbukumbu, akaondoka nayo. Siku ya nne aliirudisha ikiwa na gemu themanini tu, amezichagua moja moja, na ile ya Kitwe ya kwanza kwenye orodha, mistari minane. Aliirekebisha pia ihifadhi majina ya washindi hata umeme ukikatika, na Ngonga unakatika. Baba alihesabu mistari kwa kidole. Kisha akasema, "Ndaga fijo," asante sana, na akamshika Shabani mkono kwa mkono wake wa kushoto, ule uliokufa. Ulikuwa haujamshika mtu tangu mwezi wa nne.

Kuanzia hapo siku zikawa na ratiba. Baba anacheza baada ya uji mpaka saa nne. Saa nne namtoa barazani apate jua na kutembezwa, kisha analala chumbani kwake mpaka mchana. Akiwa amelala, Kisa anaingia sebuleni kufagia. Siku ya kwanza baba alipata pointi mia sita na arobaini, akaandika herufi tatu, ndizo tu zinazoruhusiwa: ZEB. Baada ya wiki moja alikuwa elfu tatu mia mbili na kumi, na kitambaa cha mkononi tulishakitupa.

Siku iliyofuata tulikuta jina la pili kwenye orodha, chini ya lake. KIS, elfu tatu na mia mbili.

Nilijiandaa kwa fujo. Baba alisoma kwa muda, kama anasoma barua.

"Huyu ni nani?"

"Si unamjua."

"Sijakuuliza kama namjua," alisema, lakini akashika kijiti, na siku hiyo akacheza mpaka jasho likamtoka. Akafika elfu nne na kitu. Kesho yake KIS alikuwa elfu nne na kitu, chini yake. Ikawa hivyo kila siku. Wakati wa kula baba alianza kuuliza maswali ambayo kwa desturi hakutakiwa kuyauliza. Mkwe leo amefagia saa ngapi. Mkwe hutumia mkono gani. Mimi nilikuwa nabeba maswali kwenda jikoni na majibu kurudi sebuleni. Kisa alijibu kila kitu kwa sauti ya chini, akiwa ameziba mdomo kwa khanga, ingawa kati yao kulikuwa na kuta mbili.

Niseme ukweli, nilifurahi. Niliwaona watu wawili walioishi kiwanja kimoja miaka sita bila kusalimiana, na sasa walikuwa na jambo la kuongea. Ila hesabu ni ugonjwa. Wiki ya tatu niliketi nikaisoma orodha yote ya majina kumi, na nikaona kwamba tofauti kati ya ZEB na KIS ni ileile kila siku. Pointi kumi. Kumi ni mdudu mmoja wa mstari wa chini kabisa.

Kesho yake, baba alipolala, nilimfuata Kisa sebuleni. Alikuwa amekaa chini sakafuni, kiti cha mzee hakigusi, ubao uko mapajani. Alikuwa ananisimulia kuhusu kitalu cha mpunga huku ananitazama mimi, runinga anaitupia jicho mara mojamoja, na wadudu wanadondoka mstari baada ya mstari. Nilipomuuliza alijifunza wapi, alisema wanashuka kwa mpangilio, ukishaujua huna haja ya kuwaangalia. Pointi zilipobaki kumi kufikia za baba, akaondoa mikono kwenye ubao, akaikunja mapajani, akawaacha wadudu wamalize vichombo vyake vilivyobaki, kimoja, cha pili, cha tatu. Akaandika KIS. Akachukua ufagio.

"Kwa nini unafanya hivyo?" nikamuuliza.

"Wifi," alisema, kama anayemweleza mtoto, "nikae juu ya mkwe wangu?"

Kwangu ingeishia hapo kama si barua ya mwalimu mkuu. Likizo yangu ya bila malipo ilikuwa imekwisha, Jumatatu niwe Chunya au nisirudi tena. Jumamosi asubuhi nilimwambia baba kwamba yapo mawili. Ama anamfungulia Kisa, naye atamhudumia hapa nyumbani kwake, ama Jumatatu tunapanda gari pamoja twende Chunya.

"Chunya hakuna hata mgomba," alisema.

"Ndizi zinauzwa sokoni."

"Nitafia huko kwenye vumbi."

"Basi mfungulie."

"Sitamvua mkwe heshima yake ili anivalishe soksi." Akanyoosha kidole kwenye runinga. "Angalia. Nimemshinda siku ishirini na tatu. Mtu mzima, mzima wa afya, namshinda kwa mkono huu. Mimi ninahitaji kuvalishwa soksi?"

Sina subira, nimeshasema. Hasira ilinipanda.

"Anakuachia, tata. Anakoma pointi kumi chini yako kila siku. Huyo akitaka, anakuzidi huku anamenya ndizi."

Nilijuta neno likiwa bado mdomoni. Baba aliitazama orodha. Hesabu za kutoa anazijua, midomo yake ilikuwa inacheza. Alifika jina la mwisho, akaanza tena juu. Kisha akaomba nimpeleke kitandani, na uji hakuugusa, wala chakula cha mchana. Katika maisha yangu nimewahi kumpiga mwanafunzi fimbo isiyo yake, na hata hilo halikuniuma kama siku hiyo.

Jioni akaniita.

"Nimefikiri," alisema. "Mkwe hunikwepa kwa sababu ananiogopa. Huko ndiko kutila. Huyu haniogopi, ananihurumia. Na anayenihurumia hana sababu ya kujificha. Mwambie kesho nitacheza kwa nguvu zangu zote, naye acheze kwa nguvu zake zote. Akinizidi, ataingia humu ndani, na yamekwisha. Akikoma chini yangu tena, kwa kumi au kwa elfu, Jumatatu nakwenda Chunya."

Nikapeleka ujumbe jikoni. Kisa aliacha kupepeta mchele.

"Siwezi, wifi."

"Unaweza. Nimekuona."

"Mikono inaweza." Alitoa chuya mbili tatu. "Jina langu likae juu ya lake, halafu niingie nimletee maji? Nitaingia na uso upi?"

"Usipofanya hivyo anakwenda kufia Chunya."

"Nimesikia," alisema, na machozi yakamdondokea kwenye ungo, akaendelea kupepeta.

Jumapili hatukwenda kanisani. Baba alioga, akavaa shati la mikono mirefu, akaketi kwenye kiti chake. Hakulegeza. Ningemwelewa kama angejiachia, angepata elfu mbili na kumrahisishia mkwe wake. Badala yake alicheza kuliko siku zote. Kwa mkono wa kushoto alikishikilia kijiti kama anashikilia mchi wa kutwangia. Alipomaliza alikuwa na elfu ishirini na mbili mia nne na themanini. Haijawahi kutokea. Akaandika ZEB, akapumua, na nikampeleka chumbani. Alikataa nifunge mlango. Nikauacha wazi kiasi, yeye amekaa kitandani, haoni sebule, anasikia tu.

Kisa aliingia kwa mlango wa uani. Alikuwa amenawa mikono. Alikaa chini pale pale pake na safari hii hakunisimulia chochote. Nilisimama nyuma yake. Elfu tano, elfu kumi, elfu kumi na tisa, hajapoteza hata kichombo kimoja. Elfu ishirini na mbili mia nne na sabini.

Akaondoa mikono.

Wadudu walikuwa wanashuka. Kichombo cha kwanza kikalipuka. Nilitaka kumtikisa bega, lakini haikuwa kazi yangu tena, nilishaharibu vya kutosha. Cha pili kikalipuka. Chumbani kitanda kikalia, na baba akasema, siyo kwa Kisa, kwa kuwa bado hakuruhusiwa kusema naye:

"Lusungu. Mwambie asinidhalilishe."

Sikumwambia. Alikuwa amesikia. Alirudisha mikono kwenye ubao na kumpiga mdudu mmoja, kisha wa pili, na nilidhani ataishia hapo, pointi kumi juu, kwa adabu. Hakuishia hapo. Kwa kichombo kimoja kilichobaki aliendelea zaidi ya nusu saa. Tulifika hatua ambazo nyumba ile haijawahi kuziona, wadudu wakabadilika rangi, wakawa wekundu, wakawa weupe, wakawa wanashuka upesi kiasi kwamba mimi sikuwaona tena. Alikuwa analia na hakufuta machozi kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Ilipokwisha, alikuwa na pointi elfu tisini na moja mia tatu na hamsini. Akaandika KIS, juu ya kila jina.

Nikasikia fimbo. Kisa aliinuka haraka akatazama mlango wa uani, lakini hakutoka. Aligeukia ukuta na kujifunika khanga usoni. Baba alifika polepole, akaburuza mguu mpaka mbele ya runinga, akasoma. Alisoma muda mrefu kuliko herufi tatu zinavyohitaji.

"Mkwe," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake. "Geuka."

Kisa akageuka. Hakuinua macho.

"Nitazame."

Akamtazama. Walitazamana, na nikaona wote wawili wanashangaa kidogo. Nadhani kila mmoja alikuwa amemfikiria mwenzake kuwa mrefu zaidi.

"Zile siku ishirini na tatu," baba alisema. "Mara ngapi uliniachia?"

Nilimwomba Mungu Kisa amdanganye. Angesema mara mbili tatu, mzee angebaki na zake ishirini, na hakuna ambaye angepungukiwa. Mimi ningedanganya. Nimemdanganya baba maisha yangu yote, kuhusu matokeo, kuhusu ndoa yangu, hata kuhusu mguu wake.

"Zote, tata," alisema Kisa.

Baba alishuka kwenye kiti chake taratibu, akaweka fimbo kando, na uso wake ukawa na kitu ambacho sikukiona siku zote nilipokuwa naye, miezi yote ile ya kumlisha, kumwogesha na kumgeuza. Alikuwa ametulia.

"Naomba maji," akasema.

Nikaenda kwa mazoea, nikawa nimeshafika kwenye mtungi.

"Wewe kaa," baba aliniambia, bila ukali. "Nimemwambia yeye."

Nikakaa.